Tairi la mtumba, Wenger, na mpaka kati ya ubahili na busara

Mleta mada anasema mke wake anamwita mkono wa birika kwa sababu amefunga tairi za mtumba kwenye gari la familia, naye anajitetea kwamba hata Wenger, aliyekuwa kocha wa Arsenal ya England, aliishi kwa kujibana na klabu ikasimama. Anataka tuamue nani yuko sahihi. Nianze na Wenger, kwa sababu mfano wake unatajwa sana na mara nyingi unatajwa kwa makosa. Tairi zitafuata, na namba zake.

Arsenal ya 2006 hadi 2013 haikuwa bahili, ilikuwa na deni. Uwanja wao mpya, Emirates, ulifunguliwa 2006 kwa gharama ya takribani pauni milioni 390, na klabu ikatoa hatifungani (hati za kukopa kwa wawekezaji) za pauni milioni 260 ili deni la ujenzi lilipwe polepole kwa miaka mingi. Uwanja wa zamani, Highbury, ulikuwa unaingiza watu kama 38,000, huu mpya unaingiza 60,000. Ni sawa na mtu anayejenga ili aondoke kwenye nyumba ya kupanga: anakula dagaa miaka mitatu, lakini kila shilingi anayojinyima inajulikana inakokwenda, na kujinyima kwenyewe kuna mwisho. Mzigo ulipopungua, 2013, wakamchukua kiungo Özil kwa pauni milioni 42.5.

Mwaka 2015 ni habari nyingine kabisa. Dirisha lile la usajili la kiangazi Arsenal walimsajili kipa Petr Čech, basi. Hakuna mchezaji hata mmoja asiye kipa aliyeongezwa kikosi cha kwanza. Fedha taslimu zilikuwa zaidi ya pauni milioni 200. Ni kweli sehemu yake ilikuwa tiketi za msimu zilizolipwa mapema na akiba ya lazima ya lile deni, lakini bei ya kiungo mkabaji ilikuwepo. Nafasi hiyo alikuwa nayo Coquelin, na nyuma yake Arteta na Flamini, wote wamevuka miaka 30. Novemba Coquelin akaumia goti, wiki moja baadaye kiungo mwenzake Cazorla naye akaumia. Kiungo mpya, Elneny, alisajiliwa Januari. Leicester wakabeba ubingwa kwa pointi 81, Arsenal wa pili kwa 71, katika msimu ambao Chelsea, City na United wote waliyumba. Huo ndio ubahili: hitaji linaonekana, uwezo upo, na bado mkono haufunguki kwa sababu bei ya dukani inauma kuliko hasara isiyoandikwa popote.

Upande wa pili, wa kutumia kupita uwezo, kuna Leeds United, nayo ya England, na hapa naomba wenye familia wasome taratibu. Novemba 2000 walimnunua Rio Ferdinand kwa pauni milioni 18, wakafika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa 2001, na wakaendelea kukopa na kusajili kana kwamba fedha za mashindano hayo zitaingia kila mwaka. Ligi wakamaliza wa nne 2001, wakati England ilikuwa na nafasi tatu tu za Ligi ya Mabingwa, na wa tano 2002. Fedha hazikuja, mikataba ikabaki pale pale. Mshambuliaji Fowler aliyenunuliwa pauni milioni 11 aliuzwa Manchester City Januari 2003 kwa hasara kubwa, na Leeds ikaendelea kumlipia sehemu ya mshahara akiwa anachezea wengine. Walishuka daraja 2004, wakauza Elland Road na kuwa wapangaji kwenye uwanja wao wenyewe, na 2007 wakajikuta daraja la tatu.

Nyumbani kosa hili linafanana na mtu anayekopa Septemba kwa kutegemea mgao wa kikoba wa Desemba. Mgao ukichelewa, au wanachama wawili wasiporejesha, anakimbilia mkopo wa simu. Mkopo wenye ada ya asilimia 9 kwa siku 30, ukiuzungusha mwaka mzima, umelipa asilimia 108 ya ulichokopa na deni la msingi bado lipo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kitu ni ghali au rahisi, panga mapato yako mafungu mawili: yaliyo na uhakika, na ya kutarajia. Kodi, ada na marejesho, yaani vitu usivyoweza kuvikatisha mwezi ujao, vikae kwenye fungu la kwanza peke yake. Ya kutarajia yanunue vitu vya mara moja. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, sasa wanazibana klabu kwa mantiki hiyo hiyo: kuanzia msimu wa 2025/26 mishahara, gharama za usajili na mawakala visizidi asilimia 70 ya mapato. Barcelona ya 2021, Messi alipoondoka, rais wao Laporta alisema mishahara peke yake ilikuwa imefika asilimia 103.

Sasa neno "bure", ambalo linawaumiza wengi. Mashabiki hushangilia mchezaji anayekuja bure mkataba wake ukiwa umeisha. Tuchukue mfano wa kukokotoa. Mchezaji A ananunuliwa pauni milioni 60 kwa mkataba wa miaka mitano. Kwenye vitabu vya hesabu vya klabu bei hiyo inagawanywa kwa miaka ya mkataba, kwa hiyo ni milioni 12 kwa mwaka. Mshahara wake 150,000 kwa wiki, sawa na milioni 7.8. Jumla milioni 19.8 kwa mwaka. Mchezaji B ana miaka 31, anakuja bure kwa mkataba wa miaka mitatu, anapewa milioni 10 za kusaini na 300,000 kwa wiki. Hapo ni milioni 3.3 na 15.6, jumla 18.9. Tofauti haifiki hata milioni moja. Lakini baada ya miaka mitatu A amebakiza milioni 24 kwenye vitabu, na akiuzwa 30 klabu imepata faida ya 6. B anaaga bila kuacha kitu.

Ukiielewa hesabu ya A na B, ya tairi umeshaijua, maana nayo inataka ujue umenunua muda gani uliobaki. Tairi jipya la gari dogo lina meno ya kina cha milimita 8 hivi. Yakifika 1.6, usawa wa vile vialama vidogo vilivyo ndani ya mifereji, limekuwa kipara, toa. Kwa hiyo unachonunua kwenye jipya ni milimita 6.4. Mtumba wenye meno milimita 4 unakupa 2.4 tu. Tuseme jipya ni shilingi 180,000 na mtumba ni 80,000. Jipya linakugharimu kama 28,100 kwa kila milimita, mtumba 33,300. Ule wa "nusu bei" ndio ghali, na bado hujaweka hela ya kufunga na kubalansi, kwa sababu kumaliza kazi ya jipya moja unahitaji mitumba karibu mitatu.

Ila mke naye asishangilie mapema. Mtumba wenye milimita 6.5 kwa 90,000 unakuja kama 18,400 kwa milimita, na huo ni ununuzi mzuri kama umri wake unakubalika. Nenda na kipimo cha kina, ni kidogo na si ghali, usitegemee kucha. Soma tarakimu nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mimi sichukui lililovuka miaka mitano hata kama meno yamejaa, kwa sababu mpira ukizeeka unakuwa mgumu na kwenye lami iliyolowa haushiki. Kunja ubavu kwa mkono utafute nyufa ndogo, kisha lichungulie ndani: kiraka kwenye ubavu, achana nalo. Uvimbe wowote vilevile, nyuzi za ndani zimeshakatika.

Sehemu ninayoiona ya hatari kuliko zote, kwa klabu zetu na kwa nyumba zetu, ni kubana kwa kuchelewesha malipo ya watu. Viongozi wa klabu huona wameokoa. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji asipolipwa mishahara ya miezi miwili anaweza kuandika notisi ya siku 15, na asipolipwa anavunja mkataba kwa haki. Chukua mchezaji wa kigeni wa dola 3,000 kwa mwezi, mkataba wa miezi 24, ambaye miezi ya saba na ya nane hakulipwa. Klabu "imeokoa" 6,000. Akishinda kesi anadai hizo 6,000 na miezi 16 iliyobaki, yaani 48,000, zikipunguzwa tu kwa kiasi atakachopata kwenye mkataba mpya kwingine, na riba juu. Siku 45 zikipita bila malipo, klabu inafungiwa kusajili mpaka ilipe, hadi madirisha matatu. Nyumbani hakuna FIFA, lakini fundi uliyemzungusha nusu ya ujira hatarudi mvua ikianza kuvuja, na dada wa kazi asiyelipwa miezi miwili ataondoka siku mtoto anaumwa.

Kwa mleta mada: pima tairi zako leo, zote nne, pamoja na tarehe zake. Kama hesabu ya milimita inakubali na umri ni chini ya miaka mitano, endelea nazo kwa amani na mwonyeshe mkeo namba. Kama hapana, toa mbili kwanza, na hizo mpya zifungwe nyuma hata kama gari linavutwa na tairi za mbele, kwa sababu nyuma ikiteleza gari linazunguka na dereva wa kawaida hawezi kulirudisha. Meza, kabati, vitabu vya shule na baiskeli nunua mtumba bila wasiwasi. Pedi za breki, kofia ngumu ya pikipiki na nyaya za umeme nunua mpya, kwenye duka linalokupa risiti.