Ile Nyumba Haikuwa Kwenye Orodha

Ikifika Julai simu yangu haipumui. Vijana waliopata nafasi ya kusoma Marekani wanauliza mambo ya viza, makoti na akaunti za benki. Mwaka huu dada mmoja wa Morogoro kaniuliza jambo ambalo mimi, enzi zangu, sikuwa na wa kumuuliza: "Kaka, hizi nyumba zenye herufi za Kigiriki ni za wahuni au za watu wa maana? Mdogo wangu kaalikwa hata kabla hajapanda ndege."

Dada, ni za wote wawili. Ni jumuiya za udugu za wanafunzi wa vyuo. Za wavulana wenyewe wanaziita fratenati, na za wasichana ni sororati. Jina huwa ni herufi mbili tatu za Kigiriki, ingawa humo ndani sijakutana na anayejua Kigiriki. Ya kwanza, Phi Beta Kappa, ilianzishwa mwaka 1776 katika Chuo cha William & Mary, na leo ni jumuiya ya heshima ya waliofaulu sana. Wamarekani weusi walipofungiwa milango wakajenga za kwao: Alpha Phi Alpha ilianzia Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1906, na Martin Luther King alikuwa mwanachama wake. Kamala Harris ni wa Alpha Kappa Alpha, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1908. Kwa hiyo anayetaka kujiunga usimcheke. Baridi ya Novemba, hujui mtu, halafu watu arobaini wanakuita ndugu! Mimi nililainika.

Mwenzangu wa chumbani ndiye aliyenipeleka. Juu ya mlango wa nyumba ile kulikuwa na matundu ya skrubu na vivuli vya herufi zilizong'olewa. Nikadhani wanapaka rangi. Kumbe chuo kilikuwa kimewafuta miaka miwili nyuma, makao makuu ya kitaifa ya fratenati yao nayo yakawanyang'anya hati ya kuwa tawi, wao wakaendelea kupokea wapya kwa jina la mtaa. Mchango wangu wa kujiunga niliutuma kwenye simu ya mtu binafsi. Risiti sikupewa, na kwa ujinga wangu sikuidai.

Usiku wa tatu walikusanya simu zetu zote wakazitia kwenye foronya. Tukashushwa chini ya nyumba, kwenye sakafu iliyokuwa inanata kwa bia, tukaambiwa tunywe. Kijana mmoja akaanguka kwenye ngazi, paji la uso likapasuka. Nilitarajia mtu aseme ambulansi. Nilichosikia ni hiki: "Polisi wakija, watajua bado tupo." Wakabishana kama dakika ishirini, mmoja akaleta barafu ndani ya soksi. Mwisho nikaingiza mkono kwenye foronya, nikashika simu ya kwanza iliyonijia, nikapiga 911. Simu ya dharura haihitaji namba ya siri. Kijana alishonwa nyuzi saba. Mimi nikaitwa msaliti, na mwenzangu wa chumbani akahama.

Sisi tuliosoma bweni tunajua unjuka, yaani kuonewa na wakubwa ukiwa mgeni shuleni. Nilijiona nimeiva, kwamba hao watoto wa Kimarekani hawanitishi. Lakini hata shuleni kulikuwa na mwalimu wa zamu. Jando nayo ina kungwi, na kijiji kizima kinamfahamu; mtoto akidhurika, anajulikana wa kuulizwa. Usiku ule, kwa karatasi za chuo, nilikuwa kwenye nyumba isiyokuwepo.

Sisemi usajili ni kinga. Mwaka 2017 mwanafunzi wa chuo kikuu cha Penn State alifariki baada ya kunyweshwa na kuanguka ngazi katika nyumba iliyotambuliwa na chuo, ambayo hata pombe haikutakiwa iwemo. Msaada uliitwa baada ya saa kama kumi na mbili. Ila kulikuwa na wa kushtakiwa: chuo kiliifungia nyumba ile moja kwa moja, na mwaka uliofuata jimbo la Pennsylvania likapitisha sheria kali zaidi.

Desemba 2024 ikaja sheria ya nchi nzima, inayovitaka vyuo kuchapisha ripoti ya jumuiya zilizokutwa na hatia ya kutesa wapya. Lakini ripoti hiyo inahusu jumuiya zinazotambuliwa tu. Uchafu wa waliosajiliwa unaanikwa, wa wasiosajiliwa unabaki uvumi, na watu wa nje wakisikia "fratenati" wanawapaka wote matope yale yale, pamoja na wanaofundisha watoto hesabu kila Jumamosi.

Tena wasiosajiliwa nao si wa aina moja. Kule Boulder, Colorado, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alikufa kwa pombe katika fratenati mwaka 2004. Mwaka uliofuata chuo kikaweka masharti mapya, fratenati zikakataa kusaini, zikajitenga na kuunda baraza lao. Hao bado walikuwa na makao makuu ya kitaifa juu yao. Waliofutwa na chuo na makao makuu, wakaendelea kutembea kama ile nyumba yangu, hao wakimbie.

Kabla ya kukubali mwaliko, ingia tovuti ya chuo utafute orodha ya jumuiya zinazotambuliwa. Soma na zilizosimamishwa, huwa wanaandika sababu. Kama una viza ya mwanafunzi, kumbuka kule pombe ni miaka 21, na chuo kikikusimamisha masomo, kibali chako cha kukaa kinayumba nacho. Na mtu akiumia, piga simu: majimbo mengi yana sheria inayomkinga anayeita msaada asishtakiwe kwa kunywa chini ya umri.

Dada wa Morogoro alinitumia jina la nyumba iliyomwalika mdogo wake. Tuliitafuta pamoja, kwenye orodha haimo. Nikamshauri kijana amuulize mwenyeji wake swali moja tu: mchango unalipwa kwa nani? Leo ni siku ya tisa, hajajibiwa.