Pima joto la chuma kabla ya kufungua ndoo ya rangi

Ndugu mleta mada, usipake rangi tangi hilo kesho alfajiri. Umeuliza namna ya kukokotoa nukta ya umande (joto ambalo hewa ikipoa hadi hapo, mvuke wake huanza kuwa umande) na kipimo gani cha unyevu ununue, lakini kilichonishtua ni pale uliposema kwamba hewa ya hapo ina nyuzi 26 na unyevu wa asilimia 80, na kwa kuwa haijafika 85, mtaanza na rangi ya epoksi saa kumi na mbili asubuhi. Hivyo hivyo ndivyo nilivyoharibu tangi zima Kigamboni.

Aliyenihakikishia kwamba chini ya 85 hakuna tatizo ni muuza rangi, ambaye baadaye alisema nilipaswa kujua mwenyewe. Sikuwa na habari kwamba bei ya ndoo inajumuisha mtihani. Asilimia ile ni ya hewa, ilhali rangi hupakwa kwenye chuma, na chuma kilicholala nje usiku usio na mawingu hupoteza joto hadi kikawa baridi kuliko hewa inayokizunguka.

Kupata nukta ya umande kwa fomula ya Magnus, zidisha 17.62 kwa joto la hewa, ugawanye kwa jumla ya 243.12 na joto hilo, kisha ujumlishe logi asilia (ln) ya unyevu, yaani 0.80, ambayo ni namba hasi, utapata 1.479. Zidisha jibu hilo kwa 243.12, ugawanye kwa jibu la 17.62 kutoa 1.479, nawe utapata nyuzi 22.3. Nilipokuja kupima chuma changu alfajiri nyingine yenye hewa kama hiyo, kilikuwa na nyuzi 22. Kwa maneno mengine, tulitanguliza koti la umande bila malipo. Epoksi ilitoa utando mweupe unaoteleza, koti la pili likabanduka kama maganda ya kitunguu, na nikawalipa upya mafundi wa kusafisha chuma kwa kupuliza mchanga.

Njia ya mkato, yaani kutoa unyevu kwenye 100, kugawanya kwa 5 na kuondoa jibu kwenye joto, inakupa 22, na inafaa unyevu ukizidi asilimia 50 tu. Kwenye nyuzi 30 na unyevu wa 30 itakuambia 16, wakati Magnus anasema 10.5.

Uso wa chuma lazima uizidi nukta ya umande kwa nyuzi 3 au zaidi. Kwa hewa uliyoitaja, hiyo ni 25.3, ipimwe kwenye chuma chenyewe, upande wa kivuli, na hesabu irudiwe hewa ikibadilika. Ikiwa pungufu, wape mafundi chai, ndoo zibaki zimefungwa.