Gari linakuzimikia barabarani? Andika ripoti kabla fundi hajang'oa pampu

Mwenzetu ameuliza hapo juu: gari lake la Japani la 2017 linamzimikia njiani bila dalili, mafundi watatu wameshakula pesa yake, na jirani amemshauri apeleke malalamiko serikalini. Anataka kujua kama inasaidia ama ni kujichosha bure. Wengi mmemjibu kwa kicheko. Mimi hiyo njia niliipita mwaka juzi, kwa hivyo mniwie radhi nikienda kirefu.

Langu lilinizimikia mara ya kwanza Thika Road, nikikaribia Allsops, saa kumi na mbili jioni. Hakuna taa iliyowaka kwenye dashibodi. Injini ilinyamaza tu. Steringi ikawa nzito, breki ya kwanza ikashika, ya pili ikawa kama nakanyaga jiwe, na nyuma yangu lori la kokoto linapiga honi. Nikalisukumasukuma hivyo hivyo hadi kando. Baada ya dakika kumi likawaka kama halijafanya kitu. Na ugonjwa wa namna hii ubaya wake ndio huo: ukifika kwa fundi gari ni zima, wewe ndiye unaonekana hujui kuendesha.

Fundi wa kwanza alisema ni petroli chafu. Wa pili akabadilisha plagi na koili. Wa tatu, wa Kirinyaga Road, ndiye aliyeinua kiti cha nyuma, akatoa pampu ya mafuta kwenye tanki na kuweka nyingine ya sokoni. Shilingi 11,500 pamoja na kazi. Gari likapona. Pampu ya zamani akaitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu, nikamshukuru, nikaenda zangu. Hiyo ndoo tutairudia.

Wiki mbili baadaye binamu yangu, ambaye huagiza magari, aliniomba namba ya chesisi. Akaiingiza kwenye tovuti ya kiwanda kilichotengeneza gari, huko Japani, ikatoka taarifa ya 2020: kuna kipande cha plastiki kinachozunguka ndani ya pampu ya mafuta, kinaweza kufyonza petroli, kikavimba, kikakwama, injini ikazima. Chini yake imeandikwa kwamba gari hili bado halijatengenezwa. Nilikaa kimya kidogo. Kumbe kosa lilijulikana kabla gari halijapanda meli, kiwanda kikaita magari yake yarudi yabadilishwe pampu bure (hiyo ndiyo rikoli), na mwenye gari wa huko hakulipeleka. Likaja kwangu na ugonjwa wake.

Hapa kuna mtego ambao huwanasa wengi. Mtu akisikia rikoli hukimbilia tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani. Ile inataka namba ya gari yenye herufi na tarakimu 17. Gari lililotengenezewa soko la Japani halina namba hiyo. Lina alama za modeli, kistari, kisha tarakimu sita au saba. Ukiliingiza kule halitapatikana, nawe utalala ukidhani gari lako ni safi. Tafuta kwa kiwanda chenyewe huko Japani, au kwenye orodha za wizara yao ya uchukuzi, ambazo hupangwa kwa modeli na mfululizo wa namba za chesisi. Acha kivinjari kikutafsirie. Ukikuta mwaka umeandikwa Reiwa 2 usishtuke, ni 2020. Heisei 29 ni 2017.

Na ukiwa hapo angalia mifuko ya hewa pia, hasa kama gari ni la zamani. Vifyatuo vya Takata vilitumia amonia nitrati, ambayo joto na unyevu huiharibu polepole kwa miaka. Siku mfuko unapofunguka, kopo la chuma lililo ndani hupasuka na kurusha vipande usoni mwa dereva. Marekani peke yake takriban mifuko milioni 67 iliitwa irudishwe. Pampu mbovu angalau hulizima gari ukajua kuna kasoro. Kasoro ya huo mfuko utaiona siku ya ajali tu. Gari ambalo limekaa Mombasa miaka kumi, mimi nisingelinunua bila kuangalia.

Haya, kuripoti sasa. Kwetu hapa Kenya kazi imegawanyika, na mgawanyiko huo ndio unaochosha watu. NTSA, mamlaka ya usalama na uchukuzi iliyoundwa kwa sheria ya 2012, ndiyo inayosajili magari, kuyakagua na kusimamia usalama barabarani. KEBS, shirika la viwango kule Popo Road, ndio wenye kiwango cha KS 1515, kile kile kinachozuia magari ya zaidi ya miaka minane kuingia nchini. Muuzaji akikudanganya kuhusu hali ya gari, hilo ni la Mamlaka ya Ushindani. Ofisi ya kwanza niliyoingia, na sitaitaja, karani alinitazama akasema, "Boss, si hiyo umalizane na aliyekuuzia?" Nikatumwa ya pili, ya pili ikanirudisha ya kwanza. Mwishowe niliandika barua moja, nikaielekeza kwa NTSA na KEBS pamoja, kila mmoja aone jina la mwenzake hapo juu. Nikapeleka kwa mkono, nikagongewa muhuri kwenye nakala yangu. Bila muhuri barua haijafika, hata kama umeipeleka mwenyewe.

Lakini ile barua ya kwanza kabisa niliyoandika ilikuwa upuzi mtupu. Kurasa mbili za hasira: yule aliyeniuzia, wa yadi ya Ngong Road, aliniangalia machoni, watoto wangu walikuwa ndani ya gari, nataka nirudishiwe pesa. Dada yangu ni muuguzi. Aliisoma, akachukua kalamu na kufuta karibu yote. Akaniuliza, mgonjwa akija anaandikiwa nini? Umri, ilianza lini, ikitokea inakuwaje, ametumia dawa gani. Basi nikaandika hivyo. Namba ya chesisi. Kilomita 84,300. Tarehe, saa na mahali kwa kila mara iliponizimikia, zilikuwa nne. Mwendo niliokuwa nao, petroli iliyokuwemo tankini, kama kulikuwa na jua au mvua, taa gani iliwaka na gani haikuwaka. Baada ya dakika ngapi liliwaka tena. Kilichobadilishwa na nani, pamoja na risiti. Ukurasa mmoja.

Watu hawapendi kusikia hili, lakini mdhibiti hakutengenezei gari, si hapa wala kwingine. Anachotafuta ni kama kisa chako kinafanana na cha mwingine, na hasira hazifanani; tarehe na kilomita ndizo hufanana. Hata hao wakubwa hukosea hapo. Swichi za kuwashia za General Motors zilikuwa zikijizima gari likiwa mwendoni, mifuko ya hewa nayo isifunguke. Malalamiko ya madereva yalikuwepo, NHTSA ikafikiria kuchunguza 2007 na tena 2010, ikaacha. Rikoli ilikuja 2014, na mfuko wa fidia wa kampuni hiyo ulikubali madai ya vifo 124.

Kuna aliyeandika hapo juu kwamba mwambie dila (muuzaji) tu, atalipeleka lalamiko kiwandani. Ndugu yangu, 2000 Mitsubishi ilikiri kwamba ilikuwa ikificha malalamiko ya wateja kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwambie dila, sawa, lakini nakala ipelekwe serikalini.

Siku zikapita, kimya. Nikaandika ya pili, fupi, nikiomba kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016 kuelezwa barua yangu imefikia wapi. Sheria hiyo inawapa siku 21. Jibu lilikuja siku ya kumi na tisa, mistari mitatu yenye namba ya kumbukumbu. Kisha, wakati nimeshaanza kusahau, afisa mmoja akanipigia. Mpole, anajua kazi yake. Swali lake la kwanza: "Bwana, ile pampu ya zamani bado unayo?"

Nilikimbia Kirinyaga Road siku hiyo hiyo. Fundi akacheka. Ile ndoo ilishauzwa kwa kilo.

Kwa wakala wa kiwanda hapa Nairobi mambo yakawa vile vile. Kwanza wakasema hawakuniuzia wao. Nilipoonyesha ile barua yenye namba wakalikubali gari, wakafungua, wakaona pampu ya sokoni. Wanayobadilisha bure ni ile ya kiwandani, yangu haikuwepo tena. Hiyo 11,500 niliisamehe. Shemeji yangu wa Umoja ana gari kama langu, nalo lilikuwa kwenye orodha, na pampu yake haijaguswa. Alikwenda na nakala ya barua yangu, akasubiri wiki tatu kipuri kifike, akabadilishiwa bila kulipa shilingi. Mpaka leo ananiletea mandazi.

Kwa hivyo wewe uliyeuliza, usilipeleke gari kwa fundi wa nne kesho. Piga picha ya kibati chenye namba ya chesisi na ya kilomita, andika zile mara ulizozimikiwa kabla hujazisahau, kisha uangalie ile orodha ya Japani. Kama ni lazima litengenezwe kwa sababu ndilo la kazi, sawa, lakini kilichotolewa kitie kwenye mfuko, kiandike tarehe, ukiweke nyumbani. Ukikwama na Kijapani weka hapa alama za modeli tu, nitakusaidia. Zile tarakimu za mwisho usizianike jukwaani, kuna watu huzitumia kutengeneza makaratasi ya magari ya wizi.