Mgawaji Atupe Zipi? Maswali na Majibu ya Kribeji

Toka nilipoeleza mchezo wa karata wa kribeji kwa mara ya kwanza, maswali yamekuja kutoka Makorora mpaka Pangani, na zaidi ya nusu yanauliza jambo moja: mtu akiwa ndiye mgawaji, aweke karata zipi kapuni? Nimefurahi, maana hapo ndipo utamu wa mchezo wenyewe ulipo.

Kwa aliyechelewa kufika: wanacheza wawili. Kila mmoja anapewa karata 6, anabaki na 4, na 2 anazilaza kifudifudi. Zile 4 zilizolazwa ndizo kapu, na kapu ni la mgawaji. Kisha asiyegawa anakata, inafunuliwa karata moja, ndiyo mkato, nayo inahesabiwa kwenye mkono wa kila mtu na kwenye kapu pia. Kila jumla ya 15 ni pointi 2, pacha ni 2, ngazi, yaani karata zinazofuatana, ikiwa ya karata tatu ni 3, ya nne ni 4. Ree ni 1, wazungu wote (ghulamu, yaani jeki, malkia na mfalme) ni 10. Wa kwanza kufika 121 ameshinda.

Shikamoo mzee. Juzi nilikuwa mgawaji, nikapata 5, 5, 7, 7, 8 na 9. Nikazitupa 5 zote mbili kapuni. Mwenzangu alipoziona akaniambia 5 hazitupwi hata ukishikiwa panga. Nilikosea? (Msomaji, Makorora)

Marahaba. Hukukosea hata kidogo, na ningependa huyo mwenzako asome hapa.

Tuhesabu. Umebaki na 7, 7, 8, 9. Ngazi ya 7-8-9 unaipata mara mbili kwa sababu 7 ni mbili: hizo 6. Pacha ya 7 ni 2. Kila 7 na ile 8 ni 15, mara mbili: 4. Jumla 12, na bado hatujakata. Sasa jaribu kubakisha 5 hata moja mkononi. Mkono mzuri kabisa utakaoupata ni 5, 7, 7, 8, nao ni pointi 6. Nusu imeshapotea.

Na zile 5 hukuzitupa baharini. Umeziweka ghalani kwako. Zimelala na pointi 2 za upacha, zinangoja. Katika jozi nzima ya karata 52 kuna 16 zenye thamani ya 10, na wewe mkononi hukuwa na hata moja, kwa hiyo zote 16 zimo katika zile 46 usizoziona. Mpinzani wako naye, kwa kuogopa kukupa karata za katikati, mara nyingi anatupa wazungu. Kila mzungu akiingia kapuni anakuletea pointi 4, 2 kwa kila 5. Akitupa ghulamu na malkia, halafu mkato ukawa mfalme, kapu hilo ni 17. Halitokei kila siku, lakini kwa wastani 5 mbili kwenye kapu lako huleta karibu pointi 9, na sijui karata mbili nyingine zenye baraka kama hiyo.

Kauli ya kwamba 5 hazitupwi ni ya kweli kwa asiyegawa. Kapu likiwa la mwenzako, hata 5 moja usimpe. Watu wameishika nusu ya kanuni wakaiacha nusu.

Nilikuwa na 2, 3, 5, 10, ghulamu na mfalme. Nikatupa 10 na mfalme kwa kuwa naona karata kubwa hazina kazi. Kapu lilitoka tupu kabisa. Ungetupa zipi? (Msomaji, Pangani)

Ningetupa 2 na 3, tena bila kusita.

Mkononi ungebaki na 5, 10, ghulamu, mfalme. Ile 5 inashikana na kila mmoja wa hao watatu kufanya 15, hizo ni pointi 6. Wewe ulibaki na 2, 3, 5 na ghulamu, ambazo ni 4 tu: 5 na ghulamu, kisha 2 na 3 na ghulamu.

Angalia sasa kapuni. 2 na 3 zikilala pamoja ni kama 5 iliyokatwa vipande viwili. Karata yoyote ya 10 ikiingia, hiyo 15. Ree ikija, au 4 ikija, hiyo ngazi. Kwa hesabu za waliozoea, karata hizi mbili huleta karibu pointi 7 kwenye kapu, wakati 10 na mfalme hazifiki 5. Yaani ulipoteza mkononi, ukapoteza na kapuni.

Mjomba wangu aliyenifundisha mchezo huu alikuwa baharia wa meli za mizigo, naye alijifunza huko huko majini. Alikuwa akinikalisha barazani kwetu Ngamiani, ananigawia karata 6, na kabla sijagusa kitu ananiuliza, “Kapu la nani?” Nikikosea kujibu ananinyang'anya karata zote, anagawa upya. Likiwa langu, nahesabu mkono halafu *naongeza* kapu. Likiwa lake, nahesabu mkono halafu *natoa* kapu. Hizo 2 na 3 ambazo leo nakuambia uzitupe kwa furaha, ungekuwa huna kapu ningekuambia zishike hata kama mkono utapungua. Hakuna karata mbili zilizo nzuri au mbaya zenyewe kwa zenyewe mpaka ujue zinalala nyumbani kwa nani.

Nikiwa na karata nne za ua moja nizivunje? Nilipata kopa 2, 6, 9 na mfalme, na shupaza 7 na 8. Mgawaji ni mimi. (Msomaji, Chumbageni)

Zivunje. Kopa nne zinakupa 4, na 6 na 9 zinafanya 15, jumla 6. Kapuni ungeweka 7 na 8, ambazo ni nzuri, sikatai. Lakini ukishika 6, 7, 8, 9 una ngazi ya nne, una 7 na 8, una 6 na 9: pointi 8 mezani. Na mkato ukiwa 6, 7, 8 au 9 nyingine yoyote, mkono unaruka hadi 16. Karata za namna hiyo ziko 12 kati ya 46, zaidi ya robo. Kopa ya tano ikikatwa, ua moja linakuongezea pointi moja tu.

Hii ni ya kukaribiana, sikufichi. Kapu la 7 na 8 ni bora kuliko la 2 na mfalme. Ila mkono unaoweza kukua hivyo siuachii. Na ukumbuke kwamba kapuni ua moja halihesabiwi mpaka karata zote tano, pamoja na mkato, ziwe za ua hilo hilo, kwa hiyo usitupe kopa mbili ukitegemea bahati hiyo.

Mzee, nina kidonda. Nilikuwa 118, mwenzangu 111, mgawaji mimi. Nikapata ree, 3, 4, 7, 7, 8. Nikashika ree, 7, 7, 8, mkono wa pointi 8, nikatupa 3 na 4. Nikajua nimemaliza. Kwenye kushusha mimi nikaambulia 2, naye 2, halafu akahesabu 8, akafika 121 mimi bado nimeshika zangu. Ningefanyaje? (Msomaji, Muheza)

Pole sana. Kidonda hiki ninacho na mimi, kwa hiyo nitakaa nacho kidogo.

Ulihesabu vizuri mkono ambao usingepata nafasi ya kuuhesabu. Tazama mpangilio. Kwanza mnashusha karata moja moja, mkijumlisha kwa sauti bila kupita 31, na pointi za hapo zinaingia papo hapo. Kisha asiyegawa anahesabu mkono wake. *Kisha* wewe mgawaji unahesabu wako. Kapu ndilo la mwisho kabisa. Mwenzako alihitaji 10, na mkono wa kawaida hutoa kama 8, na kwenye kushusha asiyegawa huokota kama 2. Hesabu yake ilikuwa inamtosha kwa njia ya kawaida tu, bila muujiza. Wewe ulihitaji 3, na mahali pa kuzipata kwa uhakika palikuwa kwenye kushusha.

Kwa hiyo ungeshika ree, 3, 4 na 7, ukatupa 7 na 8. Akifungua kwa 8, unamwekea 7: ni 15, unachukua 2. Akifungua kwa 4 au 3, unamwekea pacha, 2 tena. Ree unaificha mpaka mwisho, kwa sababu ndiyo inayoingia pale ambapo karata nyingine haiingii, ama kufikia 31, ama kuwa wa mwisho kushusha. Mkono wa karata ndogo zilizotofautiana una jibu kwa karibu kila analolileta. Mkono wa 7, 7, 8 unashuka haraka, halafu unakaa kimya.

Na bado usingepoteza kitu kama mambo yangefika kwenye kuhesabu: ree, 3, 4 na 7 ukizijumlisha zote ni 15. Hizo pointi 2, na kapuni 7 na 8 zinakungoja na 2 nyingine. Ulikuwa unahitaji 3 tu.

Mwanzoni mwa mchezo sahau haya yote, fuata mkono na kapu. Ila vijiti vya kuhesabia pointi vikifika kwenye 100 na kitu, kabla ya kutupa angalia ubao kwanza, halafu ndiyo uangalie karata.

Na kapu likiwa la mwenzangu? (Msomaji, Pongwe)

Mpe karata zisizojuana: mfalme na 9, mfalme na 8, hivyo hivyo. Usimpe 5, usimpe pacha, usimpe majirani kama 7 na 8.

Tunacheza Raskazone jioni, upepo unafunua kapu na watu wanaona. Tufanyeje?

Sisi tulikuwa tunalifunika kwa kikombe cha kahawa. Siku moja kikombe kilikuwa kimelowa chini, kikaacha duara la kahawia mgongoni mwa 9 ya pau. Tangu siku hiyo kila mtu barazani alijua 9 ya pau iko mkononi mwa nani, na ikabidi tununue jozi nyingine. Tumia kokoto kavu.

Kwa nini unasema ghulamu na shupaza? Sisi tunasema jeki. (Kijana, Bagamoyo)

Sema jeki, utaeleweka, kama unavyoeleweka ukisema kwini na kingi. Mimi nimekulia kwenye maneno ya wazee na nayapenda. Kopa, uru, pau na shupaza ni maneno ya Kireno yaliyoingia pwani pamoja na karata zenyewe, na neno karata pia ni la huko. Nasikitika ninapoona mtoto wa Bagamoyo hajawahi kuyasikia. Kribeji yenyewe haikuja na Wareno, ni ya Waingereza, na anayetajwa kuwa aliitengeneza ni mshairi wao John Suckling, wa karne ya 17, kutokana na mchezo wa zamani zaidi.

Mwanangu amejaa karata mpaka usiku. Hii si kamari? (Mama, Mwanzange)

Mama yangu, kamari ni pale pesa inapowekwa mezani. Kribeji inachezwa kwa pointi za kwenye ubao, na kwetu mtu akitoa hata shilingi mia anaondolewa barazani. Wapo masheikh wasiopenda karata kwa namna yoyote, na siwezi kukujibia badala yao. Muulize wa msikitini kwenu. Kuhusu usiku, hapo niko upande wako. Tulikuwa tukifunga mchezo adhana ya isha ikiita, na mwenye kukaribia 121 alinyanyuka kama wengine.

Ubao naupata wapi?

Kwa fundi seremala yeyote. Mpelekee kipande cha mninga, mwambie atoboe kwa kila mchezaji safu mbili za matundu 30, akiyagawa tano tano ili macho yasichoke. Unazunguka mara mbili, hizo 120, na tundu moja la peke yake mwishoni ni la 121. Kila mtu ana vijiti viwili, cha nyuma kinaruka cha mbele, hivyo mkibishana mnaona alikotoka. Vijiti tunachonga kutoka kwenye chelewa za ufagio, vya mmoja tunachovya ncha kwenye rangi ya kucha. Mpe fundi chelewa moja aishike anapochagua keekee, la sivyo matundu yatakuwa mapana na vijiti vitalala.