Nguo za msaada kwa watu wenye ulemavu Dar: uanzie wapi?

Dada, umeuliza utagawaje marobota ya nguo uliyotoka nayo Mombasa kwa watu wenye ulemavu, ukiwa unajitolea huku Dar. Usigawe barabarani. Watu watagombania, na asiyeona au anayetumia kiti mwendo ndiye atakayekosa. Pitia kwa afisa ustawi wa jamii wa manispaa, au SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, uulize nani anahitaji nini. Nguo za kawaida tu, soko la mitumba la Karume zimejaa tele! Mwenye ualbino anahitaji mikono mirefu na kofia pana. Wa kiti mwendo, suruali yenye lastiki kiunoni, isiyo na mifuko ya nyuma inayomchubua. Nguo za ndani za mitumba zitoe kabisa, ni marufuku hapa Tanzania. Picha upige kwa ruhusa yao.