Fundi anajibu: mfarishi wa mitumba mezani

Shikamoo fundi. Niko Morogoro. Kwa jirani yangu niliona vikeka vya kuwekea sahani alivyoshona kutokana na mfarishi wa mitumba, nikavipenda. Nikanunua mfarishi wangu, nikapima, nikakata vipande sita. Kufika cha tatu, ile mishono ya urembo imeanza kufumuka na pamba inachungulia pembeni. Kuvipitisha kwenye cherehani, vimejikunja kama uso wa mtu aliyelamba ndimu. Nitupe?

Marahaba, mwanangu. Usitupe. Mfarishi wangu wa kwanza mimi niliufumua wote nikaishia kujazia mto.

Mfarishi, au kwilti kama wanavyoita vijana wa soko la Karume ninakonunulia, ni matabaka matatu: kitambaa cha juu, pamba katikati, kitambaa cha chini. Kinachoyashika ni ile mishono tu. Kiwandani mshono hupigwa kutoka ukingo mmoja hadi wa pili bila fundo hata moja njiani, kwa hiyo kila unapopitisha mkasi umekata nyuzi kumi, kumi na tano, na hakuna hata mmoja uliofungwa. Zitaachia tu. Ndiyo maana mfarishi hushonwa kwanza, ndipo ukatwe.

Tandaza mfarishi sakafuni, chora umbo kwa chaki, sentimita 35 kwa 45, kisha piga cherehani mzunguko mzima nusu sentimita ndani ya mstari. Rudia mzunguko wa pili karibu na wa kwanza. Sasa kata juu ya chaki. Pamba haitoki, nyuzi haziachii. Hivyo sita ulivyokwisha kukata, vipige bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kwa mkono leo hii kabla havijazidi kufumuka, punguza pamba inayoning'inia, ndipo uvipeleke kwenye cherehani.

Kujikunja ni kosa jingine. Meno ya cherehani yanasukuma kitambaa cha chini, na ule mguu wa juu unakandamiza na kukizuia cha juu, basi tabaka moja linafika mapema kuliko jingine. Legeza mguu; kwenye cherehani nyingi za kukanyaga kuna skrubu juu kabisa ya nguzo yake. Refusha mshono ufike milimita 3 na nusu. Weka sindano namba 16, maana ya 11 uliyoshonea blauzi itakatika, na kipande chake kinaweza kukurukia usoni. Pini kila baada ya vidole vitatu. Kwenye kona zungusha gurudumu kwa mkono, usikanyage.

Ukingo ufunike kwa utepe wa kanga kuukuu. Kata upana wa sentimita 7, ukunje katikati kwa pasi, ushone upande wa mbele sentimita 1 kutoka ukingoni, kisha ugeuzie nyuma na umalizie kwa mkono. Wengi wanakata utepe mwembamba kama wa gauni, halafu wanalalamika haufiki nyuma; wanasahau kuna unene wa pamba wa kuvuka. Kukata mshazari si lazima kama kona zako ni za mraba. Kanga ifue mpaka maji yatoke meupe, hasa nyekundu na nyeusi.

Na ukikata kanga, angalia jina. Niliwahi kutumia yenye maneno "Mgeni njoo mwenyeji apone", nikakata bila kutazama. Shangazi yangu akakaa mbele ya kikeka kilichoandikwa "mwenyeji apone" peke yake. Akala kimya, akanawa, ndipo akaniuliza ninaumwa nini na kwa nini sikumwambia.

Safari ijayo, kabla ya kununua, inua mfarishi uutazame dhidi ya jua. Sehemu ya katikati, miguu inapochezea usiku, pamba huwa imekwisha na mwanga unapita. Pembeni pamba huwa nzima. Wangu wa mwisho muuzaji alianzia 20,000 tukapatana 12,000, nao ulikuwa sentimita 150 kwa 200. Nilikata kwanza ukanda mmoja wa sentimita 35 urefu wote, wa kulaza katikati ya meza ya watu sita. Meza ile ina urefu wa sentimita 160, basi kila ncha inaning'inia 20. Uliobaki ulitosha vikeka kumi na viwili, vitatu kwa upana na vinne kwa urefu, ila viwili vilidondokea palipochakaa nikavifanya vya kushikia mfuniko. Ufue kwanza kwa maji ya moto, kwa sababu pamba ikinywea baada ya kushona, utepe unabaki mrefu na kikeka kinakuwa bakuli.

Hujambo fundi? Nilitoa sufuria ya githeri jikoni nikaiweka juu ya kikeka cha kwilti. Kuiinua, kitambaa kimeng'oka nayo, na chini ya sufuria kuna kitu kigumu kama plastiki. Niliuziwa nini? Msomaji, Nakuru.

Sijambo. Uliuziwa polista, yaani nyuzi za plastiki, na muuzaji huenda naye hakujua. Kwilti nyingi za dukani zimejazwa polista hata kama kitambaa cha juu ni pamba safi, kwa hiyo kugusa nje hakukwambii kitu. Chomoa uzi kidogo na ujazo kidogo kutoka ndani, uvishike kwa kibanio juu ya sinki, uwashe kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi, inanukia karatasi, inaacha majivu laini yanayopeperuka. Polista inajikunyata, inayeyuka, na ikipoa inakuwa kishanga cheusi kigumu kisichovunjika kwa kucha. Usikiguse kabla hakijapoa.

Chenye kishanga kiwekee sahani na vikombe tu, havitakidhuru. Cha sufuria kifanye upya: kitambaa cha pamba juu, taulo kuukuu la pamba limekunjwa mara mbili katikati, kitambaa cha pamba chini. Duveti zile za kujaa hewa sizishughulikii kabisa. Glasi hailali juu yake.

Fundi, naishi hosteli, sina cherehani. Inawezekana kwa mkono?

Inawezekana sana, na mimi nadhani vya mkono ndivyo vizuri zaidi. Kule Karnataka, India, kuna Wasiddi, watu wenye asili ya Afrika Mashariki. Wanawake wao wanashona mifarishi inayoitwa kawandi kwa viraka vya nguo kuukuu, kwa mkono mtupu. Wanaanzia ukingoni na kuzunguka kuelekea katikati, mshono kwa mshono, na kwenye kona wanaweka vipande vidogo vilivyokunjwa wanavyoviita maua. Ukianza ukingoni, ukingo unakuwa umekwisha kufungwa, na hilo ndilo unalolihitaji wewe. Tafuta uzi mnene wa pamba, uupitishe kwenye kipande cha mshumaa usisokotane, na nunua kastabini ya kuvaa kidoleni. Kwa kikeka kimoja tenga jioni mbili.

Vyangu vimekwisha, vizuri, lakini siku ya kwanza tu mtoto kamwaga mchuzi. Nikasugua kwa sabuni ya mche, doa la manjano likageuka jekundu! Nimeharibu?

Hujaharibu. Hiyo ni bizari ya manjano. Ikikutana na sabuni kali inageuka nyekundu, na ukisuuza vizuri inarudi manjano. Usiipige pasi kabla haijatoka, moto utaikaza. Ondoa mafuta kwa sabuni, suuza, kisha kianike kikiwa kibichi, doa likielekea jua kali la saa sita. Jua ndilo linalofifisha bizari. Jioni kitazame, kama bado pana manjano, kilowanishe tena ukitoe kesho. Hakikisha pamba ya ndani imekauka kabisa kabla hujakikunja, la sivyo kwa joto hili la pwani kitapata ukungu, na dawa ya ukungu mimi sina.