Mama Anaogopa Sindano ya Jicho

SWALI: Mama ana kisukari. Daktari wa macho hapa Kisumu anataka kumchoma sindano ndani ya jicho, naye amekataa katakata. Ataiona ikimjia? – Msomaji, Kondele

JIBU: Hapana, ndugu yangu, ataambiwa atazame upande mwingine. Kwanza hutiwa matone ya ganzi, kisha jicho husafishwa kwa iodini. Itamwasha baadaye, lakini ndiyo kinga kuu dhidi ya vijidudu. Kope hushikiliwa na kifaa. Sindano nyembamba huingia kwenye weupe, milimita 3.5 hadi 4 kutoka weusi unapoishia. Dawa ni mililita 0.05 tu, sekunde chache. Mimi muuguzi huwashika wagonjwa mkono, na wengi huniuliza, “Tayari imekwisha?” Maumivu au wekundu ukizidi, au uoni ukififia, mrudisheni siku hiyo hiyo, hata Jumapili.